Pazia la Kaingu

Mwanakhamis hakumwendea Kaingu kwa kuzipenda picha zake za kuchora. Alimwendea kwa sababu alimwona mtalii mmoja amesimama mbele ya banda lake nje ya Ngome ya Yesu, akiitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaenda zake bila kununua. Mwenye jicho la biashara haambiwi mara mbili: fundi ambaye kazi yake yatazamwa sana na kununuliwa kidogo ni fundi wa bei nafuu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, Idd imepita. Mwanakhamis alikuwa na studio ya picha katika chumba cha ghorofani cha nyumba yake, Kibokoni. Mumewe alipokufa alianza kwa kuuza viazi karai mlangoni, kisha kamera, aliyoinunua kwa Mtaliana mmoja wa kike aliyeishiwa na nauli. Alimpa chini ya alichoomba, na juu kidogo tu ya kile ambacho yule mama angekikataa.

Saa za kazi, mwanamume hakukanyaga ghorofani. Wanawake wa mtaa walipanda ngazi na mabuibui yao, wakayavua juu, wakapigwa picha nywele wazi na hina mikononi, wakashuka wamejifunika kama walivyokuja. Filamu ilisafishwa mjini na Mwikali, mwanamke wa Kikamba aliyefanya kazi peke yake kwenye chumba cha nyuma cha duka la picha. Zikirudi, Mwanakhamis alimkabidhi kila mteja picha zake mkononi, pamoja na negativu. Hakujibakishia hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake hasa, kupita kamera: mtaa mzima ulijua kwamba uso ulioingia kwa Mwanakhamis hautokezi kwingine.

Kilichokosekana kilikuwa pazia la kumweka mtu mbele yake. Shuka la maua lilikuwa limeanza kuchekwa.

"Fundi, waweza kunchorea pazia la ukutani?"

"Naweza, mama. La namna gani?"

"Nataka ndege, minazi miwili, na ngazi yenye maua. Kama yale ya studio za mjini."

Kaingu alikuwa Mgiriama wa makamo, mwembamba, mjane, anakaa Majengo. Alitaja bei yake huku akipangusa brashi.

"Hiyo ni bei ya ndege yenyewe, baba. Mimi nataka picha yake."

Akapunguza. Mwanakhamis akageuka kama anayeondoka, akarudi kama aliyesahau kitu, akaongeza kidogo. Walivutana hivyo mpaka muuza vinyago wa pembeni akaacha kazi yake awatazame. Mwishowe Kaingu akaiweka brashi chini.

"Basi nipe hiyo yako, na picha moja juu yake."

"Picha gani?"

"Nikimaliza, ulipige pazia likiwa tupu, bila mtu. Picha hiyo iwe yangu."

Mwanakhamis aliutafuta mtego katika maneno hayo, hakuuona. "Picha moya ni kitu gani? Ntakupa hata mbili."

"Moja yatosha."

Akarudi nyumbani akijiona ameshinda.

Walipatana kwamba Kaingu angefanya kazi alfajiri mpaka jua lipande, kisha ashuke kabla ya mteja wa kwanza. Siku ya kwanza alikuja na ndoo ya chokaa. Alikuwa ametandaza marikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, juu ya mbao za plaiwudi, akaigandisha, akaipigilia ukutani, na sasa alikuwa akiipaka chokaa laini, tabaka juu ya tabaka, akiisugua kwa ganda la kombe. Alijifunza kwa mwashi mzee aliyekuwa akitengeneza msikiti wa mtaani. Ndivyo kuta za majumba ya kale zilivyosuguliwa hadi zikameremeta kama ganda la yai.

"Umegeuka mwashi?" Mwanakhamis akamuuliza. "Hiyo ndege yangu itatua juu ya chokaa?"

Ndipo Kaingu alipomweleza habari ya Rosebella.

Wiki chache kabla, alikuwa akiandika kibao cha kampuni moja ya matangazo, Moi Avenue. Mlango ulikuwa wazi, na ndani yake msichana kutoka pande za Kisumu amekaa mbele ya kompyuta, anachora kwa kidude mfano wa panya, bila kalamu, bila rangi. Kwenye kioo mtaa mzima ulikuwa umeelea hewani. Kamba za kuanikia nguo zimefungwa kwenye mwezi. Mbuzi wa rangi ya waridi wamelala juu ya mapaa. Na vivuli havikuwa vyeusi. Vilikuwa vya zambarau, hata giza lenyewe lina rangi. Kaingu alisimama hapo hadi rangi ya brashi yake ikadondoka kwenye zulia la watu.

"Mzee, mbona walia?" yule msichana alimuuliza.

"Silii, binti. Macho yangu ni mabovu. Taa umeiweka wapi?"

"Hakuna taa. Rangi zenyewe ndizo taa."

Alikuwa ameichora kwa ajili ya kalenda, na mkubwa wake amemwambia aifute aweke ufuo na mwavuli, kwa kuwa mteja hanunui ndoto. Kabla ya kuifuta alimtolea Kaingu nakala kwenye karatasi. Ikatoka imefifia kama samaki wa jana. Rosebella mwenyewe akaikunjia uso. "Kwenye karatasi nashindwa," alisema. "Nuru inabaki ndani ya kioo. Ukiweza wewe kuitoa, nionyeshe."

"Na sasa wataka kunchorea mbuzi wa waridi," akasema Mwanakhamis.

"Mbuzi ni wake, siwagusi. Ninayoitaka ni ile taa. Nimefikiri: nikitia weupe chini, usuguliwe hasa, kisha rangi nyepesi nyepesi juu yake, weupe utasukuma kutoka nyuma."

"Na ndege?"

"Itakuja, mama."

Haikuja. Kaingu alichora majumba ya Kibokoni, na roshani zake na milango yake ya nakshi, yamening'inia angani kama nguo mbichi. Vichochoro viliteremka katikati yake kwa rangi ya embe dodo. Mawingu yalikuwa mahando, zile sketi za marinda za wanawake wa Kigiriama, yametanuka meupe kwa upepo. Weupe wa kwanza alioukumbuka maishani, alisema, ni hando la mama yake likienda mbele yake njia ya kisimani. Kaa wekundu walipanda ngazi isiyokuwa na mwisho. Na kila kivuli kilikuwa zambarau.

Miaka ishirini alikuwa amechora ile ngome na zile mashua zake kwa rangi alizofundishwa, mchanga kahawia na bahari buluu. Asubuhi hizo alikuwa akichora kama mtu aliyeambiwa kwamba ruhusa ilikuwapo siku zote, ila hakuiomba.

Mwanakhamis hakuyaona hayo. Aliona kwamba ndege haimo.

"Nlikwagiza ndege, Kaingu."

"Mama, nyumba zote zaruka. Wataka na ndege tena?"

Angalimfukuza, lakini mteja alikuwa tayari ngazini: Shekuwe, binti wa Badawi muuza kahawa, bibi harusi wa siku tatu. Kaingu akashukia mlango wa nyuma. Shekuwe akavua buibui, akakaa kwenye kiti, akageuka kutazama nyuma yake, akasahau kugeuka mbele.

"Bi Mwanakhamis, hapa ni wapi?"

"Ni papa hapa. Huoni msikiti?"

"Naona. Mbona mimi sijapata kukaa hapa?"

Kisha akageukia kamera, na uso aliokuwa nao haukuwa ule aliopanda nao ngazi. Mwanakhamis akabonyeza upesi kabla haujamtoka. Wiki hiyo hiyo wakaja dada zake Shekuwe, na wiki iliyofuata mawifi zao, kisha wanawake wa Makadara na Kuze, watu ambao hawakuwa na harusi wala Idd, wametoka tu na pesa ya picha.

Kaingu akaja kuidai yake.

"Filamu ikibaki mwishoni," akaambiwa. "Sipigi pazia tupu kwenye filamu ya mteja."

Filamu haikubaki. Pakibaki nafasi moja, pana jirani anayetaka picha ya paspoti, pana mtoto aliyeota meno. Huo ulikuwa ukweli mwanzoni. Baadaye Mwanakhamis akagundua jambo. Chokaa ilikuwa ikibanduka pale wateja walipoegemea migongo, na kila Kaingu alipokuja kuulizia picha yake alipanda alfajiri, akaziba, akapaka, akashuka, hakutaka malipo. Anayekudai hakukimbii, fundi hukimbia ukishamlipa. Mwanakhamis akaiacha picha ile ikae ilivyo, kama kamba.

"Ngoja Ramadhani ipite." "Ngoja harusi za Mfungo Sita." "Ngoja filamu zishuke bei."

"Hazijapata kushuka, mama."

"Basi ngoja zizoee."

Alikuwa akicheka, Kaingu, katika siku hizo za mwanzo. Kisha siku moja Mwanakhamis alimkuta juu amesimama karibu mno na pazia, anasogeza kichwa chake taratibu kutoka pembe hii mpaka ile, kama anayesoma.

"Wasoma nini?"

"Natafuta lilikoanzia." Akamweleza bila kujihurumia, kama mtu anayetaja ubovu wa paa. Hospitali wamemwambia ni presha ya macho. Ubavuni hakuna kitu tena. Anaona mbele tu, kama kupitia bomba, na bomba lazidi kuwa jembamba. "Zamani nikisimama mlangoni nililiona lote. Sasa naona roshani, kisha kaa, kisha wingu. Vipande. Ndiyo maana nikakuomba picha. Lote likiingia kwenye karatasi ya kiganja, litaenea ndani ya bomba langu. Nitajua kama taa ilitoka. Kisha nitampelekea Rosebella. Wamemhamishia Nairobi, lakini anwani yake ninayo."

"Ntakupigia," akasema Mwanakhamis.

"Lini?"

"Mwezi huu."

Na mwezi huo palikuwa na harusi tatu.

Kwa haki yake, hakumchukia Kaingu, na wala hakukusudia kumdhulumu. Alikuwa mtu aliyezoea kulipa siku ya mwisho, kwa kuwa katika biashara siku ya mwisho husogea ukiisukuma vizuri. Viazi aliviuza hivyo, kamera aliinunua hivyo, nyumba aliikomboa kwa mashemeji hivyo. Hakuwa amepata kudaiwa na mtu ambaye siku yake haisogei.

Mvua za mwaka wa tisini na saba zilipokuja, mji mzima uliweka masufuria chini ya mapaa. Mwanakhamis aliweka ya kwake vyumba vya chini na ukumbini. Ukuta wa studio hakuufikiria, kwa sababu haukupata kuvuja. Maji yaliteremka nyuma ya plaiwudi, ndani kwa ndani, pasipoonekana. Asubuhi aliyopanda kufungua madirisha alikuta chokaa imevimba kama mkate wa mofa, na alipoigusa kwa kidole ikamwagika. Majumba, vichochoro, mahando, vyote viliteremka hadi sakafuni kwa mshindo mdogo, kama wa unga. Ukutani pakabaki marikani tupu yenye madoa, na kaa mmoja pembeni.

Aliifagia, akaitia kwenye karai.

Siku chache baadaye mlango ukabishwa. Alikuwa Kaingu, ameshika bega la bintiye Sidi, mke wa watu huko Kaloleni. Amekuja kumchukua babake. Macho ya Kaingu yalikuwa wazi, yametulia mahali ambapo Mwanakhamis hakuwapo.

"Shikamoo, mama," Sidi akasema. "Twaondoka Jumamosi. Baba amesema kuna kitu chake hapa."

"Marahaba, mwanangu. Kipo." Ulimi ulijibu wenyewe, kwa mazoea. "Njooni Ijumaa, baada ya swala."

"Bado kuna uwazi kidogo," Kaingu akasema. "Kama tundu la sindano. Asubuhi ndiyo nafuu."

Hakumwambia kwamba pazia limekufa. Alifunga mlango, akavaa buibui, akatoka. Mtaani kote picha za pazia lile zilikuwapo, ndani ya masanduku na chini ya magodoro. Ila hakuna hata moja iliyokuwa yake. Kwa mara ya kwanza tangu viazi karai, Mwanakhamis alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba.

"Niazime ile picha yako, hata siku moya."

"Ya nini, Bi Mwanakhamis?"

"Kuna mtu ataka kulitazama pazia."

"Mtu gani?"

Na hapo ndipo lilipokwama. Wengine walikataa kwa upole. Mmoja alimcheka usoni: "Si weye ulotuapia kwa msahafu? Hata mume wangu aliomba aitie kwenye pochi, nikamwambia Bi Mwanakhamis akataza. Leo waja wampelekea fundi rangi?"

"Mwenyewe ni kama kipofu."

"Kama kipofu, au kipofu? Akiwa kipofu picha haimfai, na akiwa yuaona haimjuzii."

Kanuni ilikuwa yake, na aliifunga imara.

Alhamisi alifika kwa Badawi. Shekuwe alikuwa amerudi nyumbani kwa babake, ameachwa mwaka wa pili wa ndoa, na mtoto hakumpata. Alimsikiliza Mwanakhamis hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na picha pamoja na mkasi wa kukatia nguo.

"Huyu hapa kati mimi simtaki," akasema. "Nilikuwa namtazama kila siku, ameketi kule juu akicheka, hajui kitu." Akamkata taratibu, akifuata ukingo wa mtandio, bega, kiti. Kipande cha bibi harusi akakikunja kiganjani mwake. Kilichobaki akampa Mwanakhamis. "Hapo hapana mwanamke tena. Mpe."

Ijumaa Kaingu alikaa kwenye baraza ya nje, Sidi kando yake. Mwanakhamis akamtia picha mkononi. Kidole chake cha gumba kikaingia ndani ya tundu.

"Imetoboka?"

"Palikuwa na mtu. Ametolewa."

Akaitikia kwa kichwa, akiona ni sawa. Mila za nyumba ile alizijua. Aliinua picha kuelekea jua, akaileta karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza. Aliendelea hivyo kwa muda. Mpita njia alimwamkia, hakumsikia.

"Sidi, jua limejificha?"

"Hapana, baba. Linawaka."

Akaishusha magotini. "Basi niambie wewe, mama. Wewe umeziona zote. Zambarau ilitoka?"

Mwanakhamis aliichukua. Picha za pazia lile zilikuwa zimempitia mikononi miaka mitatu, naye alitazama nyuso tu, kama zimekaa sawa, kama mteja atalipa bila kulalamika. Sasa uso haukuwapo, hakuwa na pengine pa kutazama.

Uongo ulikuwa karibu, na haukuwa na gharama. Lakini alijua mnunuzi anayeuliza hivyo: yule anayeijua bidhaa kuliko muuzaji.

"Haikutoka. Imekuwa buluu."

"Filamu hizo," Kaingu akasema pole pole. "Na kichochoro?"

"Kichochoro kizuri. Rangi ya embe."

"Mahando?"

"Yapo. Mawili, huku na huku."

"Yana nuru? Kama kwamba kitu kinasukuma kutoka nyuma?"

Mwanakhamis aliitazama sana. Kingoni palikuwa na kiza, kwa sababu taa ya kamera aliielekeza kwa mteja siku zote. Kama palikuwa na mng'aro, ulikuwa katikati, nyuma ya kichwa cha Shekuwe.

"Sijui," akasema. "Pale ambapo pangeonekana, ndipo palipokatwa."

Kaingu akajiinua, akapapasa ukuta kutafuta mlango. "Nipandishe juu basi. Nilishike kwa mkono. Kwa mkono nitajua kama bado ni laini."

"Haliko, Kaingu."

"Haliko wapi?"

"Mvua. Lilianguka lote."

Mkono wake ulibaki ukutani. Sidi alimtazama Mwanakhamis, na Mwanakhamis akatazama barabara.

"Chokaa," Kaingu akasema hatimaye. "Haipendi maji. Nilijua. Nikasema nitakuwa karibu." Akarudishiwa picha, akamkabidhi bintiye aitie mfukoni mwa shati la babake, naye akaufunga mfuko kwa kifungo. "Asante, mama. Nimeshalipwa."

Wakaenda kuelekea Marikiti, yeye mkono begani kwa Sidi, akipandisha miguu juu kuliko vile barabara ilivyotaka.

Picha hiyo haikupelekwa Nairobi. Sidi, alipokuja mjini baadaye kuuza mahindi, alisema babake hataki. Nusu ya jibu, asema, si jibu la kumpelekea mtu aliyeuliza vizuri. Yuko Kaloleni, asokota kamba kwa kupapasa. Brashi aliwagawia watoto.

Mwanakhamis alichorewa pazia jingine na kijana wa Kisauni: ndege, minazi miwili, ngazi yenye maua, kama alivyotaka tangu mwanzo. Wanawake wa Kibokoni waendelea kuja, kwa Idd na kwa harusi. Wale waliokuwa wakija bila sababu hawaji tena. Kwa hesabu yake alipata pazia la miaka mitatu kwa bei ya chini, na matengenezo ya bure, na hakuna mtu Mombasa nzima anayemdai picha. Kaingu alipata ile moja waliyopatana, na tundu lake. Taa ya Rosebella, kama ilitoka ndani ya kioo au haikutoka, hakuna aliyepata kuijua.